Rekodi Iliyomdanganya Henry Rono

Wapenzi wa riadha wana kisa kimoja wanachokipenda mno. Ni Septemba 1981, katika mji mdogo wa Knarvik karibu na Bergen, Norway. Mkenya mmoja aliyenenepa, ambaye kiangazi hicho ameanza kwa kuachwa nyuma na watu ambao zamani walikuwa hawakioni hata kisigino chake, anakesha akinywa. Kunapambazuka. Anavaa viatu na kutoka kukimbia muda mrefu ili jasho liifukuze pombe mwilini. Baadaye siku hiyo hiyo anaingia uwanjani na kumaliza mita 5,000 kwa dakika 13 na sekunde 6.20. Rekodi ya dunia. Aliyekuwa akiishikilia rekodi iliyovunjwa ni yeye mwenyewe.

Kikifika hapo msimulizi hucheka, wasikilizaji hupiga makofi, na hakosekani wa kusema kwamba siku hizo ndipo palipokuwa na wanaume. Kisa kinaishia hapo, watu wanahamia mengine.

Mimi sikipendi. Sibishani na saa ya uwanjani, na Henry Rono mwenyewe hakuwahi kukana kwamba alikuwa mlevi. Aliliandika jambo hilo kirefu katika kitabu cha maisha yake, Olympic Dream. Ninachogombana nacho ni mahali ambapo msimulizi hukata. Akikatia Knarvik, anayemsikiliza huondoka akiamini kwamba mwili wenye kipaji na moyo mgumu unaweza kubeba chochote. Kijana aliye kambini Iten, Kapsabet au Mbulu, ambaye juzi ameshika hela yake ya kwanza ya ushindi, huondoka na ruhusa. Na ruhusa hiyo ndiyo iliyomgharimu Rono miaka mingi ya maisha yake.

Tuanze basi mwanzo, kwa sababu hakuna aliyekuwa na haki zaidi ya kuamini kwamba uvumilivu hutibu kila kitu. Rono alizaliwa Nandi Februari 1952. Akiwa bado mtoto mdogo wa miaka miwili hivi mguu wake uliingia katika spoku za baiskeli, na miaka ikapita kabla hajaweza kutembea sawasawa. Baba yake alifariki yeye akiwa mdogo. Kipchoge Keino, Mnandi mwenzake, alipomshinda Mmarekani Jim Ryun katika mita 1,500 huko Mexico mwaka 1968, Rono alikuwa kijana wa miaka 16 mwenye mguu uliokwisha kupona na hamu ambayo sasa ilikuwa na jina. Akaingia jeshini, na jeshi la Kenya wakati ule lilikuwa kiwanda cha wanariadha. Mwaka 1976 akapata nafasi katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington, mjini Pullman, nchi ya mashamba ya ngano na baridi kali, chini ya kocha John Chaplin aliyekuwa akiwachukua Wakenya.

Mwaka huo huo alichaguliwa kwenda Olimpiki ya Montreal. Hakukimbia. Timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imekwenda kucheza Afrika Kusini ya makaburu, Kamati ya Olimpiki ikakataa kuifukuza New Zealand, na zaidi ya nchi 20, nyingi za Afrika, zikasusia. Sababu ilikuwa ya haki na hadi leo sioni aibu nayo. Lakini haki ya bara zima ililipwa na miili ya vijana wachache, na kuna deni pale ambalo hatukuwahi hata kulikiri, achilia mbali kulilipa.

Kisha ukaja mwaka 1978.

Tarehe 8 Aprili, Berkeley, California, katika mashindano ya kawaida tu ya vyuo, Rono alikimbia mita 5,000 kwa dakika 13 na sekunde 8.4. Rekodi ya dunia iliyokuwepo, ya Dick Quax wa New Zealand, ilikuwa dakika 13 na sekunde 12.9. Hakukuwa na nyota wa kumsukuma wala mtu aliyekodiwa kumwekea kasi. Wiki tano baadaye, Mei 13, mjini Seattle, akazigeukia mbio za mita 3,000 za kuruka viunzi na maji. Viunzi 28, madimbwi saba. Wataalamu walimcheka jinsi alivyokuwa akiviruka, kwa maana hakuwa na umaridadi wowote. Aliviendea kama mtu anayeruka ua wa jirani akiwa na haraka zake. Dakika 8 na sekunde 5.4. Rekodi ya Anders Gärderud wa Sweden, iliyowekwa katika fainali ile ile ya Montreal ambayo Rono alinyimwa, ikaanguka kwa zaidi ya sekunde mbili.

Juni 11 alikuwa Vienna. Mita 10,000, mizunguko 25, dakika 27 na sekunde 22.4. Aliyepokonywa safari hii alikuwa Samson Kimobwa, Mkenya mwenzake na mwanafunzi mwenzake wa Pullman, ambaye rekodi yake haikuwa imetimiza mwaka. Juni 27 alikuwa Oslo, katika uwanja wa Bislett, akamaliza mita 3,000 kwa dakika 7 na sekunde 32.1, sekunde tatu chini ya rekodi ya Mwingereza Brendan Foster. Siku 81, rekodi nne za dunia, katika mbio nne zisizofanana. Hakuna mwingine aliyewahi kuzikusanya hizo nne katika msimu mmoja, na kwa namna wakimbiaji wa sasa wanavyochagua mbio moja na kuitunza, sidhani kama atatokea. Kabla mwaka haujaisha alikuwa na dhahabu mbili za Michezo ya Afrika iliyofanyika Algiers na mbili za Jumuiya ya Madola kutoka Edmonton.

Nimekaa na tarehe hizi kwa makusudi. Mtu asiyeujua ukubwa wa mlima hawezi kuelewa kwa nini hakuna aliyethubutu kumwambia aliye juu yake kwamba anayumba.

Maana dalili zilikuwapo mapema, mwaka ule ule. Novemba 1978, baada ya rekodi zote nne na medali zote nne, Rono alikwenda kutetea ubingwa wa mbio za nyika za vyuo vya Marekani, ubingwa aliokuwa ameutwaa mara mbili mfululizo. Akamaliza nyuma ya wakimbiaji zaidi ya mia mbili. Wapo waliosema baridi. Wapo waliosema uchovu, na kwa kweli mwili wowote ungechoka. Mwaka uliofuata akarudi na kushinda, na swali likazikwa na ushindi huo.

Wakati huo riadha ilikuwa bado ya ridhaa kwa sheria. Mwanariadha hakuruhusiwa kulipwa waziwazi, lakini waandaaji wa mashindano ya Ulaya walilipa hata hivyo, kwa bahasha, bila risiti wala mkataba, na fedha ya namna hiyo haina mtu wa kuiuliza imekwenda wapi. Kijana aliyetoka katika familia ya mjane anatua katika mji mgeni, anakimbia, anapewa bahasha, anazungukwa na marafiki wa siku moja, kesho anatua mji mwingine. Kocha yuko bara jingine, mama yuko Nandi. Bia iko kila mahali, ni halali, na kila anayeileta anaileta kwa heshima.

Mwaka 1980 Kenya ilisusia tena, mara hii Olimpiki ya Moscow, pamoja na Marekani, kwa sababu ya majeshi ya Umoja wa Kisovieti kuingia Afghanistan. Tanzania ilikwenda. Filbert Bayi, ambaye naye alikuwa ameikosa Montreal, akapata medali ya fedha ya kuruka viunzi na maji kwa dakika 8 na sekunde 12.48, naye Suleiman Nyambui, aliyekuwa akipambana na Rono katika mashindano ya vyuo vya Marekani, akapata medali ya fedha ya mita 5,000 kwa dakika 13 na sekunde 21.6. Weka nyakati hizo kando ya zile za Rono za 1978. Mbio za ubingwa hazikimbiwi kama za rekodi, watu huviziana, kwa hiyo hesabu hii haithibitishi kitu. Lakini nani atamlaumu Rono kama aliipiga hesabu hiyo usiku, peke yake, mara nyingi?

Wengi huishia hapa wanapotafuta sababu: alinyang'anywa Olimpiki mbili, akavunjika moyo, akanywa. Ni maelezo yenye huruma, na katika kitabu chake Rono mwenyewe hana maneno laini kwa maafisa wa riadha wa Kenya. Hata hivyo hayanitoshi. Mike Boit, Mnandi pia, mshindi wa shaba ya mita 800 huko Munich mwaka 1972, alizikosa Montreal na Moscow akiwa katika ubora wake. Yeye alisoma hadi shahada ya uzamivu na kuwa profesa katika Chuo Kikuu cha Kenyatta. Simtaji Boit ili kumfanya Rono aonekane dhaifu. Ulevi ni ugonjwa, na ugonjwa haumpati mtu kwa sababu jirani yake ana nidhamu kuliko yeye. Namtaja kwa sababu maelezo ya kususia huwapa watu wote waliokuwa karibu na Rono njia rahisi ya kutokea. Kama siasa ndiyo iliyomlevya, basi kocha, meneja, mwandalizi, mwandishi wa habari na mwenzake wa chumbani hawakuwa na la kufanya.

Na walikuwa nalo. Turudi Norway.

Kiangazi cha 1981 Rono alifika Ulaya akiwa mzito. Alianza kwa kukimbia nyakati ambazo mwanafunzi mzuri wa chuo angezipata, akaendelea kushindana wiki baada ya wiki, akijipunguza mwili kwa mashindano yenyewe badala ya mazoezi, huku usiku akinywa. Nyakati zikaanza kushuka. Hapo ndipo ninapoomba msomaji asimame kidogo. Kila wiki mwili ulipopona kidogo, uthibitisho uliongezeka kwamba hakuna tatizo. Mlevi wa kawaida, fundi wa baiskeli au karani, ana bahati mbaya ambayo ni bahati njema: pombe humwangusha mapema. Anachelewa kazini, anaonywa, anafukuzwa, wazee wanaitwa, kikao kinakaa. Rono hakuwa na bahati hiyo. Kazi yake ilikuwa kuvumilia maumivu kuliko binadamu yeyote aliye hai, na aliifanya vizuri kiasi kwamba maumivu ya pombe yalipotea ndani ya yale ya mbio. Pale ambapo mwingine angeanguka, yeye alivunja rekodi.

Ndiyo maana nasema rekodi ya Knarvik ilimdanganya. Ilimwambia, mbele ya mashahidi na kwa saa ya umeme, kwamba anaweza. Na Waswahili walivyosema kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji, walimfikiria mgema. Hawakumfikiria mnywaji anayesifiwa.

Ikaja sifa ya pili, na hii naiona mbaya zaidi. Aprili 1982, mjini Eugene, Oregon, Rono alikutana katika mita 10,000 na Alberto Salazar, Mmarekani aliyekuwa amewekewa matumaini ya taifa zima na aliyekuwa amebakiza siku chache tu ashinde Boston Marathon. Salazar alikuwa mkavu kama ukuni. Rono alikuwa na mashavu. Kila mwenye macho uwanjani aliona kwamba mmoja amejiandaa na mwingine hakujiandaa. Salazar aliongoza sehemu kubwa, akajaribu kumtoa kwa kila njia, Rono akamng'ang'ania hadi hatua za mwisho na kumpita: dakika 27 na sekunde 29.90 kwa 27 na sekunde 30.00. Sehemu moja ya kumi ya sekunde. Mbio hizo bado zinatajwa kama mojawapo ya mbio kali kuliko zote zilizowahi kukimbiwa katika uwanja ule.

Nawaza kuhusu jioni ya siku hiyo kuliko mbio zenyewe. Nani angemwendea mtu aliyemshinda Salazar namna ile na kumwambia: kaka, unaumwa? Angeonekana mwenye wivu. Kushindwa kuna watu wake wa kuuliza maswali, tena wengi, ushindi hauna. Kwa hiyo swali linalopaswa kuulizwa siku ya ushindi halina mwulizaji, na siku linapopata mwulizaji mgonjwa hana tena ushindi wa kumfanya asikilizwe. Kocha anayetaka kulitumia funzo hili alitumie hivyo: amwite kijana pembeni siku aliyoshinda, hasa kama alishinda kwa namna isiyoelezeka, na amwulize alilala saa ngapi na nani alilipa.

Kufikia Olimpiki ya Los Angeles mwaka 1984 Rono hakuwa tena katika timu ya Kenya. Mwaka 1986 alikimbia marathoni ya Chicago kwa zaidi ya saa mbili na dakika 19, muda wa heshima kwa mtu yeyote ila yeye. Baada ya hapo nyakati zinakoma na majina ya miji yanaanza. Aliingia na kutoka katika vituo vya kutibu ulevi, si mara moja, mara nyingi. Alilala katika makao ya watu wasio na makazi, Washington D.C. ikiwa mojawapo ya miji hiyo. Rekodi yake ya kuruka viunzi na maji haikuvunjwa hadi mwaka 1989, na aliyeivunja, kwa sehemu ndogo mno ya sekunde, alikuwa Peter Koech, Mkenya mwingine wa Pullman. Kwa hiyo kuna miaka ambayo jina la Rono lilikuwa likisomwa na watangazaji viwanja vyote vya dunia kila mbio hizo zilipokimbiwa, huku mwenye jina akitafuta pa kulaza ubavu.

Aliosha magari huko Portland, Oregon. Alibeba mizigo ya abiria katika uwanja wa ndege wa Albuquerque, New Mexico. Makala nyingi zilizoandikwa juu yake hupenda sana sehemu hii na huiandika kwa machozi: kutoka kilele cha dunia hadi kuosha magari. Naona hapo tunajifunza kitu cha kipumbavu. Kuosha magari si anguko. Mtu anayeamka asubuhi, akaosha gari la mwenzake, akapokea ujira wake na kulala bila kulewa, amesimama. Rono alianguka alipokuwa na rekodi mkononi. Alipokuwa na sponji alikuwa akiinuka, akiteleza, akiinuka tena. Mwandishi anayelilia sponji anamfundisha kijana aone aibu mahali pasipo na aibu, na asiione pale ilipo.

Wakati huo huo tunawafundisha watoto kisa cha John Stephen Akhwari, na ni vizuri tunavyofanya. Marathoni ya Mexico, Oktoba 1968: Mtanzania kutoka Mbulu anaanguka njiani, goti linateguka, anaingia uwanjani akichechemea zaidi ya saa moja baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia kushinda, giza limeingia, watu wengi wameshakwenda zao. Anamaliza wa mwisho. Alichokisema baadaye kuhusu nchi yake na kumaliza mbio kinajulikana kila shule. Kuna kitu kidogo katika picha za usiku ule ambacho walimu hawakitaji: mguu umefungwa bendeji. Akhwari hakukataa kutibiwa. Alipoumia alisimama, akawaacha wahudumu wamfunge, ndipo akaendelea. Ushujaa wake ulianza kwa kukubali kwamba ameumia na kumwachia mtu mwingine aliguse jeraha. Tena baada ya Mexico alipona na kurudi mbioni. Mwaka 1970 alimaliza wa tano katika marathoni ya Michezo ya Jumuiya ya Madola, Edinburgh.

Rono naye alikuwa na jeraha, ila lake halikuvuja damu. Mvumilivu hula mbivu, tunawaambia vijana, na hatuwaambii kwamba yapo mambo yasiyoiva kwa kuvumiliwa, huoza. Mficha maradhi kifo humuumbua, tunasema pia, lakini hilo tunaliweka kwa ajili ya wazee na homa zao, hatulipeleki uwanjani. Mkimbiaji hufundishwa tangu siku ya kwanza kutousikiliza mwili unapolia. Mafunzo hayo ni ya lazima, bila hayo hakuna mzunguko wa mwisho. Kasoro yake ni kwamba hayana swichi ya kuzimia. Mtu aliyezoea kuunyamazisha mwili kwenye kilomita ya nane ataunyamazisha vilevile saa tisa usiku mikono inapotetemeka.

Rono hakuwa peke yake. Samuel Wanjiru alikuwa Mkenya wa kwanza kushinda marathoni ya Olimpiki, Beijing 2008, kwa saa 2, dakika 6 na sekunde 32, katika joto ambalo wataalamu walisema halikimbiliki. Alikufa kwa kuanguka kutoka roshani ya nyumba yake Nyahururu Mei 2011, akiwa na miaka 24. Namna alivyokufa ilizua mabishano marefu ambayo sitayaingilia hapa. Ninachojua ni kwamba matatizo yake ya nyumbani na ya pombe yalikuwa yakisomwa magazetini kwa miezi kabla ya hapo, na Oktoba 2010 alikuwa ameshinda Chicago. Tulipiga makofi. Rono alikuwa hai wakati huo, ana habari zote za barabara ile, na kama kuna kambi au shirikisho lililomwita aje azungumze na vijana kabla ya mkasa huo, mimi sijalisikia.

Maana Rono alikuwa amepona, na hii ndiyo sehemu ya kisa ambayo hakuna anayeisimulia kwa kucheka wala kwa machozi, kwa sababu haina mbio ndani yake. Huko Albuquerque, akielekea miaka 50 na kuipita, aliacha pombe. Akawa mwalimu wa watoto wenye mahitaji maalumu. Akawafunza wakimbiaji. Mwili uliokuwa umefura kupita kiasi akaupunguza kwa kukimbia, na alipokaribia miaka 60 alisema hadharani kwamba anataka rekodi ya dunia ya maili ya watu wa rika lake. Hakuipata.

Mtu aliyewahi kukaa karibu na mraibu anajua kuacha kunavyokuwa. Ni kuingia kituoni kwa mara ya tano ukijua kwamba wanaokupokea wanakumbuka ya nne. Ni kujaza fomu ile ile. Kwa aliyekuwa Henry Rono ni zaidi, kwa sababu kila mara huenda akatokea mmoja mezani anayelitambua jina na kuinua uso. Seattle alihitaji kuvumilia dakika nane na ushee. Hapa hapakuwa na utepe, na kuanguka kulihesabiwa. Sina shaka hata kidogo kwamba huu ndio ulikuwa ushujaa wake mkubwa, na sina shaka pia kwamba alichelewa kuufikia kwa sababu ule mdogo, wa uwanjani, ulimtosha kwa muda mrefu mno.

Alirudi Kenya mwaka 2019 baada ya zaidi ya miaka 30 ughaibuni, na akafariki Nairobi tarehe 15 Februari 2024, siku tatu baada ya kutimiza miaka 72. Nchi ilikuwa katika kilio kingine. Kelvin Kiptum, aliyekuwa akishikilia rekodi ya dunia ya marathoni, alikuwa amekufa kwa ajali ya gari siku nne kabla, akiwa na miaka 24, na hakuna aliyekuwa na nafasi moyoni kwa mzee aliyevuma miaka ya sabini. Taarifa za kifo chake zilianza na siku 81, kama ilivyostahili. Ualimu wa Albuquerque ulipata sentensi moja au mbili karibu na mwisho, pale ambapo mhariri huanza kukata.

Mambo yamebadilika tangu Knarvik, na si vizuri kuandika kana kwamba hayajabadilika. Fedha ya riadha sasa inapita benki, ina mikataba na kodi. Mkimbiaji wa Eldoret anayetaka kuacha pombe hana haja ya kuitafuta tiba ng'ambo: Hospitali ya Rufaa ya Moi pale mjini ina kitengo cha waraibu, na NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na mihadarati, ina simu ya bure, 1192. Huenda kambi ina karatasi iliyobandikwa ukutani yenye namba ya daktari wa misuli, ya anayekanda, na ya mwenye gari la kukimbiza majeruhi hospitalini. Bado kuna nafasi ya mstari mmoja kwenye karatasi hiyo, na anayeushikilia wino ni kocha.